Mwalimu wa Mlangoni

“Wewe wataka kusomesha, au wataka watu wajue kama unajua?”

Mwalimu wangu aliniuliza hivyo alasiri moja nikiwa nimekaa mkekani kwake, sinia la mchele mapajani na barua ya kazi mkobani. Barua ilitoka katika ofisi moja ya mjini, nayo ilinipa siku kumi na nne za kujibu. Nilikuwa nimerudi Unguja na shahada ya uzamili ya takwimu, na kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na meza inayonisubiri mimi. Kilichonileta kwake ni kwamba sikuitaka ile meza, au nilidhani siitaki. Nilitaka kufanya kama yeye: nikodi chumba, nitundike ubao, nisomeshe bila skuli na bila mkubwa wa kunisainisha asubuhi. Nilikwenda kusikia akiniambia nifanye hivyo.

Niliendelea kuchambua mchele.

Sisi tuliosoma kwake tulimwita Mwalimu, basi. Watu wa mtaa wake, Kiponda, walimwita Mwalimu wa Mlangoni, na mgeni akiuliza nyumba yake alielekezwa kwa jina hilo hata na watoto. Alisomesha hesabu, tuisheni ya alasiri, katika chumba cha chini ambacho mlango wake ulifungukia moja kwa moja kichochoroni. Nje, chini ya dirisha, palikuwa na baraza ya mawe. Mlango wenyewe haukuwa wa kupigwa picha. Watalii walipita na kamera zao wakitafuta nakshi na misumari ya shaba, wakaufikia ule wa mbao zilizopauka, wakaendelea na safari yao. Lakini sisi tuliokaa nyuma yake tuliuogopa kuliko mtihani wa taifa.

Kila somo lilipomalizika alimtoa mmoja wetu nje, akae barazani na daftari na penseli. Mlango ukarudishwa. Mwengine, aliyebaki ndani, alitakiwa amsomeshe yule wa nje kwa sauti tu. Hakuna ubao, hakuna mikono, hakuna kutazamana usoni. Amwambie aanze wapi, apite wapi, aishie wapi, mpaka wa nje awe amechora umbo lile lile lililopo ubaoni. Kisha mlango ulifunguliwa na michoro ikalinganishwa. Ikitofautiana, aliyechora hakulaumiwa. Aliyelaumiwa ni aliyesema.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tano, nimefaulu kila kitu, najiona.

“Chora mstari hapa,” nikaanza, “halafu mwengine uje hivi.”

“Hapa wapi?” Mwalimu akauliza.

“Hapa chini, kama anavyoona.”

“Anaona nini? Pana mlango.”

Wenzangu wakacheka. Nikaanza upya, nikasema mstari ulale, kisha usimame mwengine, nikasahau kusema usimame upande gani, na mlango ulipofunguliwa mwenzangu alikuwa amechora kitu kama kigoda kilichovunjika mguu. Mwalimu alikitazama kwa heshima kubwa, kana kwamba ndicho nilichokusudia.

“Rudia,” akasema. “Mlango haujasikia.”

Hilo ndilo neno lake kwetu. Hakusema umekosea, hakusema mjinga wewe, kama tulivyozoea skuli. Mlango haujasikia. Nimeondoka pale na makovu yangu, lakini tangu siku hiyo siwezi kusikia mtu akisema “kama mnavyoona” bila kutazama kama kweli wanaona.

Kichochoro chetu kilikuwa chembamba, kwa hivyo masomo yale yalisikika na kila aliyepita. Aliyeathirika zaidi ni fundi wa upande wa pili, mzee anayetengeneza cherehani mbovu, ambaye kwa miaka alikuwa amesikia kanuni ya pembetatu mraba mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote. Siku moja mwenzetu alikuwa akielekeza kwa ndani, akababaika, akautaja upande mfupi kama ndio mrefu. Sauti ikatoka ng’ambo:

“Mwanangu, upande mrefu ni ule unaotazamana na pembe mraba.”

“Fundi,” Mwalimu akaitikia bila kunyanyuka, “shona chako.”

“Mie sishoni, Mwalimu. Mie natengeneza. Na huyo anaharibu.”

Hawakuwahi kuzungumza vyengine, nilivyojua mimi. Walitaniana kupitia ule mlango kila alasiri, na nilidhani ujirani wao uliishia hapo.

Mimi si mtu wa kukubali upesi. Nyumbani walisema nimezaliwa na “kwa nini” mdomoni, na hawakulisema kama sifa. Nilimsumbua Mwalimu kuhusu mlango wake tangu mwanzo. Nilipokuwa chuo kikuu, nikirudi likizo, nilimsumbua kwa maneno makubwa zaidi. Nilimuuliza ana ushahidi gani kwamba kusomesha vile kunafaa kuliko vyengine. Amewahi kuwagawa wanafunzi, nusu wasome kwa mlango na nusu bila mlango, akalinganisha?

“Nikugawe wewe kwanza nusu,” akasema, “nione nusu ipi ina maswali.”

Lakini alilifikiria. Wiki iliyofuata aliniambia kwamba hana ushahidi, ila ana ushahidi wa kinyume, wa mtu mmoja. Akanisimulia habari ya msichana wa Nungwi aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mjini ili asome. Msichana yule alikuwa na kigugumizi. Mwalimu alikijua, akaona mlango utamsaidia, kwa kuwa hakuna atakayemtazama. Hakufikiria wapita njia. Siku aliyosimama kusema, watu wawili walisita kichochoroni, wakasikiliza, wakamuiga, wakaondoka wakicheka. Msichana hakurudi. Mwalimu alipanda gari mara mbili kwenda Nungwi kumtaka radhi, na mara zote mbili alipokewa vizuri na mama mtu, akapewa chai na mkate wa kumimina, na msichana hakutoka chumbani.

“Nilikosea,” alisema. “Na aliyelipa si mimi.”

Baadaye niligundua kwamba hakunisimulia mimi peke yangu. Kila kundi jipya lilisimuliwa habari hiyo siku ya kwanza, kabla hata ya ubao kufutwa, na papo hapo likaambiwa sharti: asiyetaka kusema kwa sauti aandike maelekezo kwenye karatasi, aipenyeze chini ya mlango. Walimu niliokuwa nao kabla yake walituficha makosa yao. Yeye alianza nayo.

Na alijua kusema sijui. Nikiwa kidato cha pili nilimuuliza kwa nini nambari hasi ikizidishwa kwa hasi inatoa chanya. Skuli nilikuwa nimejibiwa kwamba ndivyo ilivyo, niandike. Mwalimu alikuna kichwa juu ya mtandio.

“Najua kuitumia. Kukueleza sijui. Njoo kesho.”

Kesho yake alinipandisha juu ya dari, kwenye tangi la maji.

“Tuseme maji hayatoki mjini, na kila siku tangi hili linapungua ndoo tatu. Siku mbili mbele, maji yatakuwaje?”

“Yatakuwa pungufu, ndoo sita.”

“Na siku mbili nyuma?”

“Yalikuwa zaidi. Ndoo sita zaidi.”

“Basi kupungua ni hasi, na kurudi nyuma ni hasi. Umepata nini?”

Nilisimama pale juani nikitazama mabati ya Darajani, na kitu kikajipanga kichwani mwangu, kikakaa. Kisha nikamuuliza, na kama tangi linavuja? Akacheka mpaka akakaa chini. Alisema alikuwa amelala na swali langu, ameamka nalo, amelipata akiteka maji ya udhu, na mimi nimekuja kulitoboa kabla halijapoa.

Sitaki kumpamba. Alikuwa mtu wa kutuhimiza kuja kwa wakati, naye akichelewa nyumbani mwake mwenyewe. Tulikaa barazani tukimsikia juu akiburuta kandambili. Alitugombeza kwa mwandiko mbaya, na mwandiko wake ulikuwa kama wa kuku aliyekanyaga wino. Alidai vyeti ni karatasi tu, lakini matokeo yakitoka alijua alama ya kila mmoja wetu, hata wale waliomkimbia, na alizitaja kwa mpangilio kama mtu anayetaja wajukuu. Hakuweza kabisa kusomesha jamaa zake. Mpwa wake alimpeleka kwa mwalimu mwengine Kikwajuni, akasema damu yake inampandisha hasira, na mtoto hana kosa. Na alikuwa na kiburi cha ajabu kwa mambo madogo: chai yake aliinywa ikiwa imepoa kabisa, ukimletea ya moto alikuuliza kama umemuona ana baridi.

Shahada yangu ya uzamili aliipokea kwa mashaka yale yale niliyopokea nayo mimi mambo yake. “Haya,” alisema, “umekwenda kusoma kuhesabu tena. Mara hii umejua?”

Basi nirudi mkekani. Niliitoa barua ya ofisi, nikataka kumpa. Hakuipokea.

“Nisomee.”

Nikamsomea yote, na cheo, na masharti, na tarehe ya kuanza. Alisikiliza hadi mwisho. Nikamueleza kwamba mimi naona nisiende, kwamba ofisini nitaoza, kwamba yeye mwenyewe ndiye mfano wangu. Hapo ndipo aliponiuliza lile swali, nami nikarudi kutafuta mawe kwenye mchele.

“Nenda,” akasema.

“Niende wapi?”

“Ofisini. Barua si imeshakwambia ni wapi?”

“Mwalimu, wewe hujawahi kukaa ofisini hata siku moja.”

“Ndiyo. Kwa hivyo mie sijui nilichokiacha. Wewe nenda ukajue.”

“Na kusomesha je?”

“Kusomesha hakuna tarehe ya mwisho ya kujibu.”

Niliondoka nimekasirika. Nilitoka kichochoroni bila kumwamkia fundi, jambo ambalo si la adabu, na yeye akanitazama nikipita. Nilikuwa na hakika kwamba Mwalimu amenipima akaniona sifai. Kama angeniona nafaa, nilijiambia, angeniambia kaa hapa, saidia darasa, nitakuachia ubao. Chumba kilikuwepo, wanafunzi walikuwepo. Hilo hakulitamka. Kinyongo hicho nilikibeba miaka, na nakiandika hapa kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuanza na makosa yangu; bila yeye ningekitafutia sababu nzuri zaidi.

Nikaenda ofisini. Sikuoza. Nilipewa meza karibu na dirisha, na wenzangu walikuwa watu wazuri, wanaojua kazi, wanaogawana vitumbua saa nne. Kazi yenyewe ilikuwa na maana. Hilo lilinisumbua, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kudharau.

Mwezi wa saba tulipelekwa Jambiani kujaza madodoso kwa wakulima wa mwani. Jambiani ni kwetu, ingawa nilisomea mjini, na mama yangu ni mmoja wa wakulima hao. Tulikaa uwanjani karibu na vichanja vya kuanikia, wanawake wakajibu maswali yetu mmoja mmoja. Tulipomaliza, mmoja wao akauliza: nyinyi mnaojua hesabu, mtu anawezaje kujua mwani mbichi alionao utabaki kiasi gani ukishakauka, kabla hajauanika? Maana kila mara wanakisia, na kila mara wanakosea.

Mkuu wa msafara alitazama saa. Mimi nikakaa chini. Tukapima kikapu cha mwani mbichi, na mkavu uliotokana na kikapu kama hicho, kwa mizani ile ile, tukatafuta mmoja unaingia katika mwengine mara ngapi. Nilipohisi wameelewa, nikafanya nilichofanyiwa. Hapakuwa na mlango, basi nikageuka, nikawapa mgongo, nikamwambia aliyeuliza anisomeshe mimi.

“Chukua hiki,” akaanza.

“Kipi? Sikuoni.”

Wenzake wakacheka kama tulivyocheka sisi. Wakaanza kusahihishana, mama yangu akiwa na sauti kuliko wote. Gari ikapiga honi. Ikapiga tena. Niliwaweka watu wa ofisi juani kwa muda mrefu, na mkuu wangu, ambaye alikuwa mtu muungwana, aliniambia njiani kwa upole: “Bibi, sisi tumekuja kukusanya, hatukuja kusomesha.” Alisema kweli. Hiyo ilikuwa ndiyo kazi, naye alikuwa akiifanya vizuri. Mimi nilitazama dirishani mpaka Kitogani na nikajua nitaondoka.

Lililokuwa gumu ni kumwambia mama. Nilirudi Jambiani Ijumaa iliyofuata, nikamkuta anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, nikakaa nikamsaidia.

“Mama, nataka kuacha kazi.”

Hakusimamisha mikono. “Wamekutukana?”

“La.”

“Basi kuna nini?”

“Nataka kusomesha.”

“Skuli gani?”

“Si skuli. Chumba. Mtoni, njia ya Bububu. Nshakiona.”

Alifunga mafundo matatu kabla ya kunijibu. “Mie nilikuwa nikiringa na ile ofisi yako. Nakwambia kweli. Harusini watu wananisogezea kiti.”

“Najua, mama.”

“Sasa nitawambia nini?”

“Waambie nasomesha.”

“Nitawambia bado uko ofisini,” akasema, “mpaka nizoee.” Na ndivyo alivyofanya, karibu mwaka mzima.

Nilianza na wanafunzi wanne, watatu wakabaki, kisha wakawa saba. Sikwenda kwa Mwalimu. Nilijiambia nitakwenda nikiwa na kitu cha kumuonesha, na kila nilipokuwa nacho nilikiona kidogo. Nilipokwenda hatimaye, mlango ulikuwa wazi na chumba hakina ubao. Alikuwa amekaa palepale mkekani, uso wake umeelekea kwangu lakini si machoni mwangu, umekwenda kidogo kando.

“Hodi, Mwalimu. Shikamoo.”

“Marahaba. Umechelewa.”

“Umenijua?”

“Nani mwengine anayepiga hodi kama anayebisha?”

Nikakaa. Nikamuuliza macho. Alisema ni presha ya macho, yamekwenda kidogo kidogo, kama maji ya tangi, na mdomo ameachiwa. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu yalipoanza, na nikajua hatanijibu. Wanafunzi wake wa mwisho aliwapeleka kwa yule mwalimu wa Kikwajuni.

Nilimsimulia habari za ofisi, za mwani na za chumba cha Mtoni. Hakunisifu. Aliniuliza nani mgumu kuliko wote darasani kwangu, na nilipomtaja aliniuliza huyo anapenda nini. Sikujua. Akaguna. Kisha akasema:

“Sasa nisomeshe mie. Kitu ulichokisoma huko ambacho mie sikijui.”

Nikachagua sampuli: vipi unaweza kuwauliza watu wachache ukajua habari za wengi. Nikaeleza vizuri, nilivyodhani. Akasema hajaelewa. Nikaeleza tena kwa sufuria la mchuzi, kwamba huhitaji kulinywa lote ujue chumvi.

“Lakini nimeshakoroga,” akasema. “Watu wa Unguja wewe unawakoroga vipi?”

Hilo ndilo swali lenyewe, ndilo nililotumia miaka miwili kulisoma, nami nilikuwa nimelipita bila kulitaja. Nikarudi mwanzo. Tulikwenda hivyo mpaka adhana ya alasiri, yeye akinirudishia nilichosema kwa maneno yake, nami nikisikia kila mahali nilipoacha shimo. Mwishowe aliieleza yote, tangu mwanzo hadi mwisho, sawasawa, kwa mifano aliyoitunga mwenyewe kutoka sokoni Darajani. Uso wake ulikuwa wa msichana aliyefaulu.

“Kumbe si jambo gumu,” akasema. “Walimu wenu wanalificha tu.”

Aliponishika mkono kuagana hakuuachia mara moja. Nilitaka kumshukuru, na mtu aliyezoea kuuliza hana uzoefu wa kushukuru. Nikasema tu nitarudi wiki ijayo. Nilirudi, na wiki iliyofuata, na nyengine nyingi, hadi alipofariki. Kila mara alitaka asomeshwe kitu kipya. Sijapata mwanafunzi kama yeye, na kila ninachokifanya Mtoni leo kimepita kwanza masikioni mwake.

Mwaka jana cherehani ya mama iliharibika, nikaipeleka Kiponda kwa fundi. Amezeeka sana sasa, lakini mikono bado inajua. Alikuwa akifungua skrubu, mimi nimekaa kwenye kiti chake cha wateja nikiutazama mlango wa ng’ambo, ambao siku hizi ni wa duka la vinyago. Nikasema, kwa mzaha tu, kwamba Mwalimu alinifukuza pale mwaka niliorudi kutoka chuoni.

Fundi akainua kichwa. Akaniambia kwamba siku kumi kabla ya mimi kuja na barua yangu, ni yeye aliyempeleka Mwalimu kwa daktari wa macho, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba hatauona ubao baada ya mwaka. Waliporudi, Mwalimu alimuomba amsaidie kufikiria nani atalichukua lile darasa. Fundi akamtajia mimi. Mwalimu akamwambia mimi ndiye anayemtaka, hana mwengine, lakini asinitajie maradhi yake wala hilo darasa, kwa sababu nikijua sitachagua tena, nitamuonea huruma tu.